Daftari la Mkunga wa Vifaranga

Ukitaka kugombana na Bi Mkunga, mwambie "nadhani". Mwambie joto la mashine nadhani liko sawa, uone atakavyokukata jicho. Miaka thelathini na nne alizalisha watoto wa watu katika hospitali ya serikali, na wodini kwake hakuna aliyeruhusiwa kudhani. Ulipima, ukaandika, ukatia sahihi. Kisichoandikwa hakikufanyika, ndivyo alivyowafunza wauguzi wanafunzi, na aliyebisha alipewa kalamu akaonyeshwa kiti.

Alipostaafu watu walitazamia angekaa barazani anywe chai na kusimulia ya zamani. Wapi! Alichukua nusu ya kiinua mgongo chake akanunua mashine ya kutotolesha mayai, ya trei kumi, akaiweka katika chumba alicholala binti yao kabla hajaolewa. Mayai mia tatu kwa mkupuo mmoja, siku ishirini na moja, kisha vifaranga. Mtaa ukacheka: mkunga hajaacha kazi, amebadilisha wateja tu. Naye akacheka nao. Alisema hawa wa sasa wana afadhali, hawamng'ang'anii mtu shingo, na waume zao hawaji mlangoni kuuliza maswali ya kijinga.

Mume wa kwake yeye alikuwa na maswali, tena mengi. Huyo alikuwa mtunza stoo wa idara ya barabara mpaka siku ya mwisho ya kazi, na mpaka leo mtaa unamwita Mzee Stoo. Mtu wa shati lililofungwa vifungo vyote, anayeweza kukuambia droo ya jikoni ina vijiko vingapi na ni kipi kilichopinda. Wawili hawa wameishi pamoja miaka arobaini na kitu, na jambo moja walilokubaliana siku zote ni kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wasilokubaliana ni namna ya kuliandika hilo daftari. Tutafika huko.

Daftari la mashine lilikuwa kubwa, la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula. Tarehe, saa, joto, umeme upo au haupo, waliokufa kwa sababu ya umeme, waliokufa kwa sababu nyingine, maoni. Bi Mkunga alilijaza tangu alfajiri hadi kulala, kama alivyokuwa akijaza chati ya mama mwenye uchungu.

Safu ile ya umeme ndiyo iliyomzeesha. Yai lililo mashineni halina tofauti na mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake: linataka nyuzi thelathini na saba na nusu, na halitaki visingizio. Umeme ukikatika, Bi Mkunga alichemsha maji, akajaza chupa, akazifunga mashuka, akazipanga katikati ya trei, na baada ya nusu saa akaanza upya. Mtu wa miaka sitini na sita, goti moja bovu, jikoni na chumbani, chumbani na jikoni, birika mkononi. Saa mbili aliziweza. Saa tatu aliziweza kwa taabu. Saa sita zilimshinda.

Mkupuo mmoja ukamshinda kabisa. Alifungua mayai yasiyototoa, moja moja, kama alivyozoea, akakuta vifaranga vilivyokamilika, manyoya na kucha, vimekufa siku moja kabla ya kutoka. Alikaa juu ya kreti akasema, "Nikizika tena namna hii, mashine nauza."

Binti yao alipopata habari alipiga simu siku hiyo hiyo. "Mama, iuze kweli. Njoo kwangu. Chumba kipo, utakula, utalala, utapumzika."

"Nimekuzaa mimi au umenizaa wewe?" Bi Mkunga akamjibu, wakacheka wote. Lakini simu ilipokatwa alimgeukia mumewe hana hata chembe ya kicheko. "Akinichukua yule, nitakufa kwa kupumzika."

Na hakuwa anatania. Aliogopa. Aliyaona mwenyewe maisha yale: chumba cha wageni, runinga inayosema peke yake, na yeye anasubiri kuitwa mezani. Mikono iliyopokea watoto elfu kadhaa ikae mapajani? Hapana, jamani.

Ndipo akamwita fundi wa sola.

Fundi alikuja na tai, mkoba, na maneno matamu. Alizunguka nyumba nzima akiandika: friji, runinga, pasi, taa saba. Akainama nyuma ya mashine akasoma kibandiko: wati mia mbili na arobaini. Akazidisha kwa saa ishirini na nne, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, hapa paneli nane na betri nne. Nyumba nzima inawaka, umeme wa kukatika mnausahau." Akataja bei.

Hapa lazima ujue kwamba Bi Mkunga ana sarafu yake. Kila kitu anakigeuza kuwa vifaranga. Sukari ya wiki ni vifaranga viwili. Matibabu ya goti yalikuwa vifaranga mia moja na kumi, na goti bado bovu. Na kiinua mgongo chake, baada ya bati jipya na hilo goti, kilikuwa kimebaki vifaranga mia nane. Baada ya hapo, hakuna kingine.

"Vifaranga elfu tatu," akasema taratibu.

Fundi hakuelewa. Mzee Stoo alielewa, akatoa penseli sikioni. "Bili ya umeme ya nyumba nzima kwa mwaka ni kama vifaranga mia tatu. Kwa hiyo itajilipa kwa miaka kumi. Mimi nina sabini na moja, kijana wangu. Nianze kula faida nikiwa na themanini na moja? Kwa meno yapi?"

"Basi tufunge ya mashine peke yake, mzee. Paneli sita, betri mbili." Bei ikashuka hadi vifaranga elfu moja na mia saba. Bado ilikuwa mara mbili ya akiba yote, na ushee. Fundi alimaliza chai yake, akaaga kwa heshima, akaacha karatasi ya bei mezani.

Bi Mkunga hakuigusa ile karatasi. Alikuwa anatazama taa ndogo nyekundu kwenye mlango wa mashine, ile inayowaka hita inapotoa joto. Iliwaka. Ikazima. Baadaye ikawaka tena. Miaka mitatu ameiona ikifanya hivyo, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza alipoitazama kwa macho ya kazi.

"Baba, huyu fundi amehesabu uchungu wa mfululizo," akasema.

"Uchungu gani tena?"

"Wa mashine! Uchungu hauji mfululizo. Unakuja, unaachia, unakuja. Unahesabu umekaa dakika ngapi na umeachia dakika ngapi. Mama akikuambia 'nimeumwa usiku kucha', humwandikii usiku kucha. Unakaa naye na saa."

Akaenda kabatini, akatoa saa yake ya kazini, ile ya kubana kifuani, akavuta kigoda mbele ya mashine. Saa nzima akahesabu. Dakika mbili inawaka, dakika nne imezima. Kesho yake akahesabu alfajiri, penye baridi: mbili na nusu kwa nne. Adhuhuri: moja na nusu kwa nne na nusu. Siku tatu, mara tatu kwa siku, yote kwenye daftari. Mzee Stoo alipita akamwuliza kama mashine imefungua njia. Akafukuzwa.

Fundi aliposikia kwa simu alicheka. Alipokuja kuona daftari aliacha kucheka. Alikuwa mfanyabiashara, ndiyo, lakini hakuwa mwizi. Akaunganisha kifaa chake cha kupimia umeme kwenye waya wa mashine, akakiacha siku moja, akarudi kukisoma, akaketi.

"Theluthi moja, mama. Theluthi moja na kidogo sana. Nimefunga sola miaka sita, sijapata mteja aliyenihesabia taa." Akafuta paneli sita, akaandika tatu. Akafuta betri mbili, akaandika moja. Bei mpya: vifaranga mia saba na themanini.

Bi Mkunga alikunja ngumi ya furaha chini ya meza. Akiba inatosha! Lakini Mzee Stoo hakuwa amemaliza, na hapa lazima nimpe haki yake, maana swali lake lilikuwa la mtu aliyelinda mali ya umma maisha yake yote.

"Betri inakufa lini?"

Fundi akakohoa. "Ikitunzwa, mzee, inafika hata miaka mitano."

"Hiyo 'ikitunzwa' usiiandike. Dhamana ya maandishi ni muda gani?"

"Miezi kumi na minane."

"Haya." Mzee Stoo akaandika kumi na nane, akaizungushia duara. "Mama, fedha ni yako, na uamuzi ni wako. Lakini hiyo ndiyo akiba ya mwisho. Kwangu mimi, kitu kijilipe kabla ya dhamana kuisha, au kisiingie stoo."

Bi Mkunga alikubali. Ilikuwa sheria ngumu, lakini ilikuwa sheria ya haki.

Jumapili alasiri wakaketi mezani wawili tu, daftari katikati. Umeme wa mashine kwa mwaka: vifaranga mia moja na ishirini. Kwa bili peke yake, sola ingejilipa kwa miaka sita na nusu. Mzee Stoo alikuwa amekwisha kufika hapo siku nyingi, ndiyo maana alikuwa akipinga. Lakini Bi Mkunga akasogeza kidole hadi safu ya waliokufa kwa umeme. "Na hawa? Hawa si hasara? Bili inakuambia ulichokula. Haikuambii ulichonyimwa."

Mzee Stoo akakifuata kile kidole kwa macho, kisha akasema, "Hilo nakubali. Jumlisha."

Akajumlisha mwaka mzima. Mia mbili themanini na mbili. Katikati alifika kwenye wiki moja ambayo safu zake zilikuwa tupu, nyeupe pe! Ilikuwa wiki aliyokwenda kumlea binti yao alipojifungua, akamwachia mumewe mashine.

"Wiki hii siihesabu," akasema. "Haikuandikwa."

"Kule stoo, kitu kisipotoka huandiki," akajibu Mzee Stoo, bila kumtazama.

"Na wodini, kisipotokea unaandika hakikutokea. Unaandika sifuri. Pengo maana yake hakuna aliyeangalia."

Ulikuwa ugomvi wao wa zamani, na kwa kawaida Mzee Stoo angeshika bango mpaka chai ipoe. Siku hiyo alichonga penseli ambayo tayari ilikuwa kali.

Bi Mkunga akaendelea. Mia mbili themanini na mbili, ongeza mia moja na ishirini, mia nne na mbili kwa mwaka. Akagawa. Akarudia kugawa. Sola ingejilipa kwa miezi ishirini na mitatu. Ile kumi na nane ilikuwa palepale, ndani ya duara lake.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini namheshimu mwanamke huyu. Mtu mwingine angesema aah, miezi mitano ni nini, fedha yangu mwenyewe, nafunga. Au angepandisha idadi ya waliokufa kidogo tu, nani angejua? Yeye alifunga kofia ya kalamu. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hakuyaficha.

"Hesabu ni hesabu," akasema. "Kesho nitampigia binti."

Mzee Stoo aliweka penseli mezani.

"Wiki ile," akasema, "umeme ulikatika."

"Wiki ipi?"

"Hiyo hiyo. Siku ya nne tangu uondoke. Nilikula mapema, nikajinyoosha saa sita mchana. Nikaamka saa kumi, redio kimya. Nilipokwenda kuangalia, mashine ilikuwa nyuzi ishirini na nane."

"Ukafanyaje?"

"Nikachemsha maji. Nikajaza chupa, kama unavyofanya wewe. Nilikuwa nimechelewa."

"Wale mia moja na thelathini wasiototoka mkupuo ule!" Bi Mkunga akasimama, goti na maumivu yake yote. "Ukaniambia mayai mabovu!"

"Nilikwambia."

"Nikaenda kumwita Mama Mayai tapeli! Mbele ya wateja wake! Mwanamke aliyeniuzia mayai tangu siku ya kwanza!"

"Niliona aibu," akasema Mzee Stoo. "Miaka thelathini sijapoteza hata boliti. Uliniachia siku saba tu, nikalala. Nilishindwa kuliandika. Na kila sola ilipotajwa, nilijua tutafungua ukurasa huu."

Bi Mkunga alizunguka meza mara mbili. Alikuwa na hasira, tena kubwa, na maneno yaliyomjaa kinywani hayafai kuandikwa. Lakini alimtazama yule mzee aliyefunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaona jambo jingine. Hesabu ilikuwa imekwisha. Mwenye hoja alikuwa ameshinda, na siri yake ilikuwa salama. Angenyamaza tu. Badala yake amejivua nguo mwenyewe ili mkewe abaki na kazi yake. Wangapi wanaweza hilo?

Akaketi. Akafungua kofia ya kalamu.

"Umelala saa ngapi?"

"Saa sita na dakika kumi."

"Umeamka?"

"Saa kumi kasoro robo."

"Joto?"

"Ishirini na nane."

Akaandika kila kitu katika pengo lile jeupe, na pembeni akaongeza, kama wafanyavyo wauguzi: imeandikwa kwa kuchelewa. Akamgeuzia daftari. "Tia sahihi."

Akatia. Kisha Bi Mkunga akawahamisha mia moja na thelathini kutoka safu ya waliokufa kwa sababu nyingine, akawapeleka walikostahili, akamsukumia mumewe penseli. "Gawa wewe."

Mzee Stoo aligawa mara tatu, maana mara ya kwanza hakuona vizuri. Miezi kumi na saba na nusu.

"Inaingia stoo," akasema.

"Itaingia," akasema Bi Mkunga. "Na kesho utakwenda kwa Mama Mayai, wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Utamwambia nani tapeli. Na mbele ya wateja, kama nilivyofanya mimi. Halafu utaniletea trei kumi."

Alikwenda. Alirudi na trei kumi, na moja ya bure juu yake, kwa sababu Mama Mayai alicheka mpaka akashika mbavu. Wiki hiyo hiyo fundi akapanda juu ya bati, akafunga paneli tatu, akaweka betri chumbani karibu na mashine, na akiba ya Bi Mkunga ikabaki vifaranga ishirini. Mayai yakaingia. Siku zikahesabiwa.

Siku ya ishirini ikaangukia siku ya miadi ya goti. Hospitali ilikuwa imempa tarehe miezi minne nyuma, akiikosa angesubiri mingine minne. Bi Mkunga alisimama mlangoni na mkoba wake, akatazama mashine, akamtazama mumewe. Mayai yalikuwa yameanza kugongwa kwa ndani. Ni siku ambayo hata wodini hakuwahi kumwachia mwanafunzi.

"Nenda, utakosa foleni," akasema Mzee Stoo.

Alibana ile saa ya kazini kwenye shati la mumewe, akaenda.

Saa tatu na robo, akiwa kwenye benchi la hospitali, taa za ukumbini zikazima. Mji mzima, wakasema watu. Laini kubwa imeanguka. Nambari yake ilikuwa ya hamsini na sita na walikuwa wamefika ishirini. Akaiwaza mashine. Si kwamba hakuiamini sola. Aliipima, aliijua. Lakini waya mmoja ukilegea, betri moja ikikataa, lazima awepo mtu wa kuona. Alikaa mpaka akaitwa, akachomwa sindano ya goti, akarudi nyumbani akichechemea kwa kasi ambayo daktari angeikemea.

Ilikuwa saa kumi. Mtaa umenyamaza, redio hazilii, fundi wa kuchomelea vyuma amekaa nje anapiga miayo. Umeme ulikuwa bado. Alifungua mlango, na kabla hajavua viatu akasikia sauti za vifaranga chumbani. Zilikuwa nyingi, zinashindana kwa kelele.

Mzee Stoo alikuwa kwenye kigoda mbele ya mashine, saa kifuani, vifungo vyote mahali pake. Macho mekundu. Sahani ya chakula cha mchana ilikuwa sakafuni, haijaguswa. Alimpa daftari.

Ulikuwa mwandiko wa stoo, herufi zilizosimama wima. Saa tatu na robo, umeme umekatika, joto thelathini na saba na nusu, waliokufa sifuri. Saa tatu na nusu, umeme hakuna, joto lile lile, waliokufa sifuri. Saa nne kasoro robo, sifuri. Saa nne, sifuri. Kila robo saa, ukurasa mzima na nusu ya wa pili, hakuna pengo hata moja. Na chini kabisa, katika safu ya maoni, aliandika neno moja: Sikulala.

Bi Mkunga alilisoma, akalisoma tena. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi yake pembeni, na akaenda jikoni kumpashia mumewe chakula.